Upande wa Pili wa Godoro

Waliosoma wasifu wa mama siku ya mazishi walisema alikuwa mtu mpole, mvumilivu, asiye na makuu. Niliinamisha kichwa, maana Mungu hapendi mtu acheke msibani. Mama yangu hakuwa mpole. Mama yangu alikuwa na wivu, tena waziwazi, kama mwingine anavyokuwa na kipara. Watu wakimwambia mwenye wivu ajinyonge, alijibu, "Nikijinyonga mimi, mume nimwachie nani? Thubutu."

Naandika haya kwa sababu nampenda, na kwa sababu sifa za uongo ni kama nguo ya kuazima, hazimkai marehemu vizuri. Wajukuu zake watasoma. Wajue bibi yao alikuwa nani, hasa katika ile miaka ya mwisho ya baba, alipokuwa akigombania mume na mwanamke mwingine huku mume mwenyewe hana habari.

Baba alikuwa fundi magodoro. Si haya ya sponji yanayouzwa yakiwa yamefungwa kwenye nailoni. Yeye alishona magodoro ya pamba na sufi, mazito, yanayohitaji watu wawili kuyageuza. Godoro likishajazwa, husimamishwa wima kwenye fremu ya mbao kama ukuta. Fundi mmoja anakaa huku, mwingine kule. Wa huku anachoma sindano ndefu mpaka inatokea kule. Wa kule anaivuta, anapitisha kifungo, anairudisha. Uzi unakazwa kutoka pande zote mbili, ndipo pamba inatulia isihame. Mtu mmoja hawezi kazi hiyo. Atalizunguka godoro mpaka apate kizunguzungu.

Aliyekaa upande wa pili wa baba kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi alikuwa mwanamke. Mjane, mrefu, mkavu, mwenye sauti nzito na maneno machache. Mama hakuwahi kumtaja kwa jina. Alimwita "yule wa upande wa pili", na mtaa mzima ukafuata, mpaka mwenyewe akawa anaitika.

"Lakini wametenganishwa na godoro zima," shangazi, dada yake baba, alimwambia mama siku moja. "Hata kuonana hawaonani."

"Wewe wifi," mama akasema, "godoro kazi yake nini?"

Shangazi alicheka mpaka akapaliwa.

Kusema kweli hapakuwa na jambo. Kila jioni baba alirudi na vumbi la sufi kwenye nyusi, akasimama mlangoni akauliza, "Ikulu hawajambo?" Mama akajibu, "Rais kachoka, jipakulie." Halafu anampakulia yeye mwenyewe. Alipomfulia mashati aliyanusa kwanza. Aliyanusa miaka yote hiyo, na yote yalinuka pamba.

Kisha baba akanyamaza.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha kuuliza habari za ikulu. Baadaye akaacha kunyoa ndevu. Mlango wa jikoni ulilegea bawaba, na yeye ambaye zamani hakuweza kulala katika nyumba yenye msumari uliochomoza, akawa anaupita tu. Akitoka kazini alikaa kwenye kiti cha dirishani, macho wazi, mikono mapajani. Hakuwa na huzuni. Ukimuuliza kama anaumwa, alisema, "Hapana." Sote alitujua. Mambo mengine alianza kuyasahau, lakini usahaulifu huo ulikuwa mdogo ukiulinganisha na kile kimya.

"Unataka chai?" mama alimuuliza.

Kimya.

"Au uji?"

Kimya.

"Basi hutaki." Akairudisha chai jikoni, nikasikia kikombe kinavyowekwa mezani, nikajua leo kuna kazi.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," aliniambia. "Huyu kanichoka. Mwili uko hapa, moyo uko karakana."

Ushahidi alikuwa nao. Kule karakana baba alikuwa bado anashona. Magodoro yalitoka, wateja waliyachukua, hakuna aliyelalamika. Mama akauliza, mtu asiyeweza kunyanyua kikombe kwake, anawezaje kushona godoro zima kwa mwenzake?

Akaamua kumnunia. Alisema hatamsemesha mpaka asemeshwe yeye kwanza. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa nao, kwa hiyo vita hivyo niliviona vyote. Mama alipita mbele ya kile kiti amenyoosha shingo, akagonga sahani, akafunga milango kwa nguvu. Baba alikaa tu. Asiyejua angesema huyu mzee ana roho ngumu kama jiwe. Mwishowe mama aliingia bafuni, akafungulia bomba maji yapige kelele, akalia.

Mwenye jengo alipouza karakana, baba akabaki nyumbani moja kwa moja, na hali ikazidi. Ilibidi tumwambie amka, tumwambie keti, tumwambie vaa. Akiambiwa, alifanya. Asipoambiwa, jua lilimkuta pale lilipomwacha.

Ndipo asubuhi moja yule wa upande wa pili akafika getini na mkokoteni. Juu yake kulikuwa na fremu ndogo na godoro la kitanda cha mtoto, limejazwa tayari, halijashonwa vifungo.

"Habari za hapa, mama watoto."

"Nzuri. Umepotea njia?"

"Nimekuja kumwona fundi."

Hakusubiri karibu. Alisimamisha fremu uani, akaingia ndani, akamshika baba mkono juu ya kiganja, akamtoa kama unavyomtoa mtu kwenye mvua, akamkalisha kwenye kigoda. Kisha akazunguka upande wake. Hakumwambia neno. Baada ya muda tukaona ncha ya sindano inachomoza kwenye kitambaa mbele ya baba. Na baba, ambaye asubuhi hiyo kijiko nilimshikisha mimi, akanyoosha mkono akaivuta. Akapitisha kifungo. Akakaza uzi kwa ule mtikiso wake mdogo wa bega niliokuwa nimeusahau. Akairudisha.

Mama alikuwa dirishani jikoni. Nilisikia harufu, nikakimbia.

"Mama, sufuria inaungua."

"Iache iungue," akasema bila kugeuka. "Kwani yenyewe ni nani hata isiungue?"

Jirani alichungulia juu ya ukuta. "Mwenzangu, mzee kapona."

"Kapona," mama akasema. "Kwangu ndiko anakougulia."

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuweza kumfukuza. Siku alizokuja yule mwanamke, baba alikula vizuri na kulala vizuri. Mama aliona. Akawa anampokea na kumchukia kwa wakati mmoja, anamwandalia chai anayoichemsha kwa hasira. "Ama yeye, ama mimi," aliniambia. "Lakini kwanza nijue."

Nikampeleka baba kliniki ya karibu, wakatupa rufaa kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa ubongo, na daktari akataka picha. Niliogopa mama atakataa. Kumbe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuvaa viatu.

"Hiyo mashine inaona mpaka ndani kabisa?" aliniuliza tukiwa tumekaa kwenye foleni.

"Ndiyo, mama."

"Ndani ya mawazo?"

"Ndani ya ubongo."

"Si ndimo yanamokaa?"

Hapo nikaelewa. Wengine humpeleka mgonjwa kupigwa picha wakitafuta ugonjwa. Mama alikuwa anatafuta mtu. Jana yake tulipopiga magoti kusali, aliomba Mungu afunue yote yaliyofichika gizani, na mimi nikaitikia amina bila kujua naitikia nini.

Chumba cha mashine kilikuwa baridi, na mlango wake mnene kama wa ghala. Mpiga picha, kijana mcheshi mwenye tumbo, alisema kila chuma kibaki nje kwa sababu mashine ni sumaku. Tukamvua baba mkanda na saa. Kijana akapapasa ukosi wa shati, akatoa sindano iliyopinda. "Mzee, hii ingeruka humu kama nyigu," akasema. Mwisho akaomba pete ya ndoa. Nilidhani itahitaji sabuni. Ikatoka yenyewe, kidole kilikuwa kimekonda. Mama akaifumba kiganjani.

Tulisubiri nje tukisikia mashine inavyogonga, kama watu wanaonyoosha mabati. Baba hakujitikisa hata kidogo. Kijana akasema hajawahi kupata mgonjwa mtulivu namna hiyo, na mama akamwangalia kwa jicho ambalo kijana hakulielewa.

Baba alipotolewa, mama akasimama mbele yake akafungua kiganja. Pete ilikuwa katikati. Hakusema kitu. Alikuwa anangoja anyooshe kidole.

Baba aliiangalia pete kama mtu aliye ndani anavyoangalia mvua ya nje.

"Mzee, lete mguu tuvae kiatu," kijana akasema, na baba akaleta mguu.

Mama akafumba kiganja, akaifunga pete kwenye pindo la kitambaa chake.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani, mtaratibu. Alituonyesha picha kwenye kompyuta, nyeusi na nyeupe, kama kabichi iliyokatwa katikati. Mama alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Huku nyuma pako sawa," daktari alisema. "Huku pembeni ni mambo ya kumbukumbu, pamepungua. Huo ni ugonjwa wa kusahau, umeshaanza. Lakini tazama hapa mbele, katikati, pande mbili zinapokutana. Pamesinyaa. Weusi huu ni nafasi iliyobaki."

"Hapo panakaa nini?"

"Mama, kabla hujanyoosha mkono kuchukua chai, kuna kitu ndani yako kinasema haya, twende. Hukisikii, lakini kipo. Kwake hicho kimefifia. Mkono ni mzima, chai anaiona, hata kiu anayo. Kinachokosekana ni ile haya, twende. Wagonjwa wengi wa aina hii hupata hali hiyo, na jamaa zao hudhani ni uvivu, au huzuni, au chuki. Picha peke yake isingeniambia haya. Nimeiweka pamoja na yote mliyonisimulia."

Mama hakuwa anasikiliza vizuri. Macho yake yalikuwa yanatembea kwenye kile kioo, pembe hadi pembe.

"Na nani yumo?" akauliza.

"Yumo wapi?"

"Humo. Kuna mwanamke?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari akavua miwani. Hakucheka, Mungu ambariki.

"Mama, picha inaonyesha nyama na maji. Watu haiwaonyeshi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mama akapumua. "Mbona yule akichoma sindano, anamrudishia?"

"Kwa sababu yule hamuulizi. Anaanza yeye, baba anafuatia. Swali kwake ni mlima. Usimuulize kama anataka chai, mwekee kikombe mkononi."

"Nikimwekea akanywa, ndiyo atakuwa ananipenda?"

"Hilo, mama, siwezi kulijua kwa picha."

Nje kwenye ukumbi, mama akafungua pindo, akashika mkono wa baba, akamvisha pete mwenyewe. Baba akaacha avishwe.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliishia pale. Haukuisha. Ulipata akili mpya. Yale maneno ya daktari, kwamba anaanza mwingine na baba anafuatia, mama aliyageuzageuza siku nzima. Mwingine yeyote? Kesho yake alinikalisha mimi nyuma ya lile godoro lililoachwa uani. Nikachoma, baba akarudisha. Jirani alikuja kuazima chekeche, akakalishwa. Akachoma, baba akarudisha. Mama alijiweka mwisho. Akachoma sindano, akangoja ameshika kifua. Sindano ikarudi, si kwa haraka zaidi wala kwa kuchelewa zaidi.

"Kumbe," akasema. "Kumbe ni kwa yeyote." Na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya yule mwanamke kuja, mama alimwita shangazi awe shahidi. Akampokea mgeni kwa adabu ambayo ingemtisha mtu yeyote anayemfahamu. Akamletea kiti chenye mto.

"Leo pumzika, mwenzangu. Acha na wengine wajaribu."

Jirani akakaa upande wa pili. Baba akarudisha. Shangazi akakaa. Alichoma vibaya, sindano ikatokea mbali na alama, baba akaifuata ilikotokea, akaivuta, akairudisha.

"Umeona?" mama akasema. "Hata akikaa mzoa taka. Daktari kasema. Si wewe. Ni sindano."

Shangazi akasema polepole, "Wifi, basi."

Yule mwanamke hakulia. Aliitazama mikono ya baba, halafu akaitazama yake.

"Kule karakana ndivyo ilivyoanza," akasema. "Aliacha kuchoma, nikawa naanza mimi kila safari. Sikumwambia mtu, wateja wasije wakakimbia. Nilidhani ananingoja. Nilidhani ananijua mkono." Akavua kastabini yake ya kushonea kidoleni, akaitia mfukoni. "Kumbe hata mimi ni yeyote tu."

Akaondoka. Mkokoteni aliuacha.

Mama alikuwa ameshinda, na nyumbani hapakuwa na wa kumpongeza. Shangazi alichukua mkoba wake akaenda kwake bila kuaga vizuri. Siku zilizofuata mama alimwekea baba kikombe mkononi, baba akanywa. Alichoma sindano, baba akarudisha. Alimpeleka uani, akamrudisha ndani. Kila kitu kilikwenda. Na kadiri kilivyokwenda, ndivyo mama alivyozidi kunyong'onyea.

"Ni kama bomba," aliniambia. "Yeyote akifungua, maji yanatoka."

Kisha nikamsikia kwenye sala yake ya jioni, akisema na Mungu kama anavyosema na mwenye duka. "Heri ungeniachia mwanamke humo ndani," alisema. "Mwanamke ningepambana naye. Sasa nipambane na nani?" Akafunga kitambaa chake upya. "Nisamehe, Baba. Lakini nimesema kweli."

Asubuhi akavaa viatu akaniambia nimfuate. Tukaenda kwa yule mwanamke. Alikuwa anakaa chumba kimoja cha kupanga, kisafi, kitanda kimeshikana na meza. Mama aliingia, na kabla ya salamu jicho likaenda kwenye godoro.

"Karibu ukae," mwenyeji akasema, akionyesha kitanda kwa sababu kiti kilikuwa kimoja.

"Kitandani sikai," mama akasema, akachukua kiti. Mimi nikabaki nimesimama.

Mama ndiye aliyeanza.

"Nimekuja kuuliza. Miaka yote ile, mlikuwa mnaongea nini?"

"Hatukuongea sana. Pamba inameza sauti."

"Hata kidogo?"

"Alikuwa anaimba."

Sijawahi kuona sura ya mama ikibadilika vile, hata siku baba alipokufa.

"Nani anaimba?"

"Fundi."

"Mume wangu hajui kuimba."

"Hajui," yule mwanamke akakubali. "Lakini alikuwa anaimba. Nyimbo za kanisani, ila maneno anabadilisha. Anaweka habari za wateja. Mwenye hoteli aliyegoma kulipa alimtungia ubeti mzima."

Mama alishika ukingo wa meza. Nyumbani baba hakuwahi kuimba. Hata kanisani alifungua mdomo tu, sauti haitoki, nasi watoto tulidhani ndivyo alivyoumbwa.

"Nilimfinya," mama akasema. "Tulipokuwa wachanga kwenye ndoa. Alitoa sauti kama mlango mbovu, watu wakageuka, nikamfinya paja. Mara moja tu." Akageuka dirishani. "Akazipeleka kwako zote."

"Hazikuwa nzuri, mama watoto."

"Nzuri mbaya, zilikuwa zangu. Niimbie."

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine anayezijua?"

Yule mwanamke akaimba, kwa aibu, kwa ile sauti yake nzito, ubeti wa mwenye hoteli. Mama alisikiliza amekunja uso kama mtu anayekagua nguo iliyorudi kutoka kwa fundi. Palipochekesha hakucheka. Wimbo ulipoisha akasema, "Tena." Mara ya pili akacheka, akafuta macho, akakasirika kwamba amecheka.

"Kesho uje," akasema akisimama.

"Nije kufanya nini? Si anamrudishia yeyote?"

"Anarudisha kwa yeyote," mama akasema. "Lakini wimbo mimi siujui. Na uimbe kwa sauti nisikie. Sitaki kunong'onezana nyuma ya godoro langu."

Akaja. Akaja mpaka mwisho. Baba hakuimba, wala midomo haikucheza, sitaki mtu asome hapa muujiza ambao Mungu hakuutoa. Waliimba wao wawili. Mmoja anachoma, mwingine amekaa kando ya baba amemshika goti, na wakikosana juu ya neno, mama anasema, "Hapana, hilo umeliongeza wewe," na yule mwingine anasema, "Ulikuwepo?" Mama anasema, "Rudia." Zile nyimbo alizidai moja moja mpaka akazimaliza. Alipozijua zote, alianza kumsahihisha mwenye nazo.

Baba alifariki akiwa usingizini, kimyakimya kama alivyokuwa akiishi siku zile. Kanisani, kabla ibada haijaanza, mama alinigusa bega. Yule mwanamke alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na watu wasiomjua.

"Nenda kamlete," mama akasema. "Akae mbele na sisi."

Nikainuka. Mama akanivuta mkono.

"Ila mwambie," akasema, "jeneza asilikaribie kuliko mimi."